Mutoto anaongea na paka tu, na mama mukwe anasema ni ulozi

Jambo yaya,

Mimi ni mama wa hapa Goma, kartie Ndosho, niko na watoto wawili na mimba ya miezi tano. Nakuandikia juu nimechoka kubeba hii maneno peke yangu, na bwana yangu kila nikimuuliza anasema tu tutaona.

Tangu mwaka uliopita tunaishi na mutoto wa marehemu dada yangu, musichana wa miaka tisa. Walikimbia vita upande wa Sake, wakaingia mu kambi, mama yake akagonjwa kule akafariki, baba yake mpaka leo hatujue iko wapi. Ule mutoto mbele alikuwaka na maneno mingi, namujua vizuri, akikuja kwangu wakati wa likizo ilikuwa kuuliza na kuuliza mpaka unamuambia baki kimya kidogo. Sasa alipofika kwetu, hakuna kitu. Ukimusalimia anaangalia chini. Ukimuuliza kama anataka bugali anatikisa kichwa. Ku masomo mwalimu aliniita akaniambia hajasikia sauti yake hata siku moja, hata wakiita majina asubuhi yeye anainua tu mukono.

Halafu kukafika paka. Ni ya rangi ya majivu, sikio moja limekatika ku ncha, ilikuwa inapitapita mu parseli juu ya vichwa vya sambaza, zile samaki ndogo, vyenye natupa. Mutoto akaanza kuiwekea kidogo ku sahani iliyovunjika. Siku moja niko jikoni nasikia mutu anaongea inje, sauti ya mutoto, nikafikiri ni wa vwazeni. Kumbe ni yeye. Anaambia paka: "Leo walitufundisha hesabu ya kugawanya, mimi nilijua jibu lakini sikusema. Na wewe ulishinda wapi?" Kisha ananyamaza kidogo, sawa mutu mwenye anangoja jibu, halafu anaendelea. Yaya, nilisimama pale na sufuria ku mukono, nikashindwa hata kupumua.

Tangu pale ni kila siku. Ameiita Minu. Asubuhi anaisalimia, anaiaga akienda masomo, ikichelewa kurudi anaigombeza kabisa, "unatoka wapi saa hii na wewe ni mwanamuke?" Na kuna usiku mumoja mvua ilinyesha ya nguvu, unajua vile mvua inapiga ku mabati, nikamusikia anaongea chini chini: "Usiogope Minu, ni mvua tu, haiko bombe, sikiliza muzuri, bombe hailie hivi."

Mimi nilikuwa nafurahi kidogo kidogo. Lakini mama mukwe alikuja kunisaidia juu ya mimba, na tangu aone ile mambo amani iliisha. Anasema paka ni munyama wa walozi, na mutoto mwenye haongee na watu na anaongea na paka, anaongea na wale wa usiku. Anasema macho ya ile paka inawaka mu giza. Anasema inakaa saa nzima inatazama kona ya jikoni fasi hakuna kitu, na mutoto naye anatazama. Anasema itakula mimba yangu. Alienda kuelezea mama mumoja wa chumba cha maombi karibu na kwetu, huyo akakuja, akatazama mutoto, akasema kweli kuna kitu. Sasa wanataka mutoto aingie kule siku ya posho (jumamosi), afunge siku tatu, alale kule, paka iwekwe mu mufuko ikatupwe mbali, na sisi tutoe dola hamsini. Vwazeni wamesikia, wameanza kukataza watoto wao kucheza naye.

Bwana yangu ni mutu muzuri, lakini ni mama yake. Amesema basi tutupe paka tu, amani irudi, mutoto atazoea.

Yaya, sitaki kukosea mama mukwe heshima, ni yeye aliniosha watoto wangu wote wawili. Lakini roho yangu inakataa. Iko kawaida mutoto kuongea na munyama sawa na mutu? Nimukataze? Tukitupa paka ataanza kuongea na sisi? Na ile ya mimba, kuna ukweli? Nijibu haraka tafazali.

Mama wa Ndosho

---

Mudogo wangu,

Aksanti juu uliandika mbele ya siku ya posho. Naanza na yenye inaharakisha, zingine tutaongea polepole.

Mutoto haendi kule. Hata usiku mumoja. Na paka haitupwe. Mutoto wa miaka tisa mwenye alipoteza mama yake, akalala mu kambi, akasikia mabombe, umufungishe chakula siku tatu fasi haijue, kati ya watu wakubwa wenye wanamulalamikia kwa sauti kwamba iko na kitu ndani, atatoka kule ameumia zaidi, na pengine hata hayo maneno yenye yalibaki yataisha. Nimeona watoto wenye walipitishwa mule, siwezi kukuandikia hapa vile walirudi.

Halafu bwana yako ajue kitu kimoja, juu wababa wengi hawajue. Mu hii inchi kusema mutoto ni mulozi haiko maneno ya kawaida ya kartie, ni kosa ya sheria. Katiba yetu ya 2006, artikle 41, inakataza wazi kushitaki mutoto ulozi, inaiweka fasi moja na kumutupa na kumutesa. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto, artikle 160, inapanga kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 na faini juu ya mutu mwenye anafanya hivyo. Sikuandikii hii juu uende kutisha mama mukwe, hapana, mama mukwe haiko adui yako, anaogopea bwana yako, anaogopea mimba, na kule alikokulia walimufundisha kuogopa hivyo. Nakuandikia juu ile mama wa maombi akirudi kuomba dola hamsini, bwana yako njo asimame ku mulango na kumuambia kwa upole kwamba mutoto haondoke mu hii nyumba na kwamba anajua sheria inasema nini. Mutu mwenye anaishi na hizo dola hamsini hapendi kusikia artikle. Kama anarudia tena na tena, nendeni kwa shefu wa avenyu, na bwana yako aende naye.

Maombi yenyewe hakuna mutu anakataa. Mama mukwe apige maombi mu nyumba, mangaribi, mutoto ikikaa karibu, tumbo yake imeshiba. Mungu anasikia na mu Ndosho.

Sasa tuongee juu ya paka.

Uliniuliza kama iko kawaida. Mudogo wangu, ebu angalia parseli yako yenyewe siku moja tu. Ni nani haongeeke na kuku? "Wewe, toka ku unga yangu, hauna haya?" Mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, akifika ku mupando anabembeleza chukudu yake sawa ndugu yake. Wachungaji wa Masisi wanaita ngombe kwa jina, wanaigombeza, wanaisifu, na hayo maziwa na fromaji yenye tunakula hapa Goma inatoka kwa ngombe zenye zinaongeleshwa tangu asubuhi. Hakuna mutu aliwaita walozi.

Na tuko na mufano mukubwa hapa karibu, kule Rumangabo, mu parke ya Virunga. Mwaka 2007 walikuta mutoto wa gorila wa miezi miwili ameng'ang'ania mwili wa mama yake mwenye watu walimuua kwa bunduki. Wakamuita Ndakasi. Muchungaji wake, André Bauma, njo alimushika ku kifua usiku wa kwanza, akamulea miaka mingi mu nyumba ya mayatima ya Senkwekwe, anamuongelesha, anamukumbatia, na mwaka 2021 Ndakasi alipofariki alifia mu mikono yake. Bauma alisema wazi kwamba alimupenda sawa mutoto wake. Na wale walinzi wa Virunga wakikaribia gorila mu pori wanatoa sauti moja ya mu koo, ya kukoroma kidogo, juu ndivyo gorila wenyewe wanaambiana niko hapa, hakuna mubaya. Watu wazima, wanaume, na uniforme, na dunia yote inawapigia makofi. Mutoto wako anafanya kazi ileile nyuma ya jikoni, bila mushahara.

Kwa nini anaweza na paka na hawezi na sisi? Juu paka haimuulize kitu. Haimuambie "sema basi". Haimuangalie na machozi mu macho. Haimupelekee mwalimu habari. Sisi wakubwa tukiona mutoto amenyamaza tunamuzunguka na maulizo, unamuuliza wewe, bwana anamuuliza, mama mukwe anamuuliza, vwazeni anamuuliza, na kila ulizo inamurudisha ndani zaidi. Paka inakula sambaza yake, inajilamba, inabaki. Yeye njo anachagua lini kuanza na lini kumaliza, na mu maisha ya huyu mutoto miaka hii hakuna kitu kingine alichagua yeye mwenyewe.

Na ile ya mvua ku mabati, nilisoma nikarudia kusoma. "Usiogope, haiko bombe." Unaona anachofanya? Paka pengine haikuogopa hata kidogo. Yeye njo alikuwa anaogopa, na akapata namna ya kujituliza bila kusema naogopa. Anasema kwa paka maneno yenye angependa mama yake amuambie. Na anayasema vizuri, na akili: sikiliza, bombe hailie hivi. Mutoto mwenye anaweza kufikiri hivyo mu usiku wa mvua akili yake iko nzima, mudogo wangu, sema hiyo kwa bwana yako neno kwa neno.

Wataalamu waliona hii zamani. Kule New York kulikuwa mutaalamu wa saikolojia ya watoto anaitwa Boris Levinson, alikuwa na mbwa yake, Jingles. Siku moja mama mumoja alifika mbele ya saa na mutoto wake, mutoto wa kujifunga mwenye hakukuwa anafunguka kwa wadaktari, na mbwa ilikuwa bado mu biro. Mutoto akaanza kucheza na mbwa. Kisha kupitia mbwa, polepole, Levinson naye akaingia mu mazungumzo. Alipoelezea wenzake mwaka 1961 kuna wenye walimucheka, lakini aliandika mwaka uliofuata na leo kuna mahospitali mingi huko inchi za ngambo zenye zinafanya kazi na wanyama juu ya watoto sawa wako. Jambo lenyewe ni lile: munyama akiwa katikati, mutoto anaweza kuongea na mutu bila kumutazama mu macho.

Kwa hiyo uliniuliza umukataze? Usimukataze. Ingia naye. Kesho asubuhi usimusalimie yeye kwanza, salimia Minu. "Minu, uliamkaje? Ulilala wapi?" Kisha endelea na kazi yako, usingoje. Siku ingine ambia paka: "Minu, uliza dada yako kama leo tupike sombe ao lengalenga." Mutoto akijibu paka, wewe sikia jibu, pika, usipige kelele za furaha, usiite watu "eh ameongea!" Hiyo njo itamuumiza. Usirudie mbele yake maneno yenye ulimusikia akiambia paka, hata yale ya mvua, yale ni yake. Na usijificheke nyuma ya ukuta kusikiliza siri, juu siku atagundua ataacha na paka pia, na pale njo utakuwa umepoteza yote. Kisha bwana yako naye aanze, neno moja tu akirudi kazi. Watu wazima wengi wanaona haya kuongea na paka mbele ya wengine, sasa hii haya mufanyie mutoto zawadi.

Kuna na jambo la kusoma. Ku Marekani, mu muji wa Salt Lake City, tangu 1999 wanawekaka watoto wenye wanaogopa kusoma kwa sauti wakae karibu na mbwa na kusomea mbwa. Mbwa haicheke mutu akikosea. Mupe kitabu chake cha masomo, umuambie Minu anapenda kusikia, kisha toka uende kuteka maji. Na mwalimu, muende umuone wewe mwenyewe, umuombe asimulazimishe kujibu mbele ya darasa, amuache aandike jibu ku ardwazi, kile kibao cha kuandikia, amuweke karibu na mutoto mumoja mutulivu. Ile ya kugawanya alisema alijua. Mwalimu ajue hiyo, ni kitu kimoja chenye unaweza kumuambia bila kusaliti mutoto, umuambie tu kwamba ku nyumba umeona anaelewa hesabu.

Je paka inasikia? Kidogo inasikia. Mu 2019 wataalamu wa Japoni walionyesha kwamba paka inatofautisha jina lake na maneno mengine yenye yanafanana nayo kwa urefu. Mu 2022, kule Nanterre Ufaransa, Charlotte de Mouzon na wenzake walipima, wakaona paka inashituka na kusikiliza mwenyewe wake akiongea na ile sauti nyembamba ya kubembeleza, lakini mugeni akiongea vile vile haijali. Maana yake Minu anajua sauti ya ule mutoto, na anajua wakati ni yeye anaongeleshwa. Na kitu kingine cha kupendeza: paka zenye zimekomaa, kati yao zenyewe, hazilie sana ile nyau nyau, ni kwa watu njo zinalia, sawa zilijifunza kutuongelesha sisi. Lakini haielewe hesabu ya kugawanya, na haielewe kugombezwa juu ilichelewa. Siku ikimukwaruza mutoto, umuelezee kwamba haikufanya juu ya kisasi, ilishituka ao ilichoka kushikwa. Ikitaka kuondoka aiache iondoke. Mufundishe huu muchezo: ukikaa mbali kidogo, ukaitazama, ukafunga macho polepole na kuyafungua polepole, mara mingi paka nayo inafunga yake. Wataalamu wa Sussex, Uingereza, waliandika hiyo mu 2020. Fanyeni wote wawili, wewe na mutoto, muone nani Minu anamujibu kwanza.

Sasa maneno ya mama mukwe, juu ni maneno ya kujibu kwa heshima, haiko ya kucheka.

Macho kuwaka usiku. Paka iko na ngozi nyembamba nyuma ya jicho yenye inarudisha mwangaza, sawa kioo, njo maana inaona mu giza vizuri kutushinda. Mbuzi iko nayo, ngombe iko nayo, mbwa iko nayo. Bwana yako achukue toche usiku, mama mukwe akiwa pale, aimulike mbuzi ya vwazeni ku macho. Itawaka vile vile. Na ile mbuzi kila mutu ataikula ku Noeli.

Kutazama kona. Sikio ya paka inashika sauti nyembamba sana zenye sikio ya mutu haishikeke, na panya ndogo zinaongea kati yao na sauti za namna ile. Mu kona ya jikoni yako kuna panya, mudogo wangu. Sogeza gunia ya makala na ule mufuko wa unga, utaona tundu. Mutoto anatazama juu paka inatazama, hata wewe ungetazama.

Mimba. Hapa mama mukwe amegusa kitu cha kweli bila kujua, kwa hiyo musikilize. Paka haikule mimba, lakini mavi ya paka inaweza kubeba ugonjwa mumoja unaitwa toksoplasmosi, na ukiupata mara ya kwanza ukiwa na mimba unaweza kuumiza mutoto wa ndani. Basi wewe usiguse mavi yake hata kidogo, bwana yako njo aokote na azike kila siku, juu mavi ya leo haijakuwa na nguvu ya kuambukiza, inachukua siku moja ao zaidi. Nawa mikono na sabuni, osha lengalenga muzuri, nyama iive kabisa, ukilima shamba ya nyuma ya nyumba vaa gan ku mikono. Ukienda CPN, kule wanapima mimba, mwambie infirmiye kwamba kuna paka ku nyumba. Mama mukwe akiona unamufuata ku hiyo, atakuwa na raha ya kukusikiliza ku zingine.

Na mupeleke Minu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, yenye wengi wanaita raje, ulizeni ku serivisi ya veterineri. Paka nayo inapata, na ni ugonjwa wa kuua. Ikimuma mutu ao kumukwaruza hata kidogo, munaosha pale pale na maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha munakimbia ku santre ya afya, hamungoje kuona. Usiku muifungie ndani, juu mutu mwenye anaogopa ulozi anaweza kuweka dawa ya panya ku sambaza, na huyu mutoto hastahili kuzika tena. Lakini kama siku moja inakufa ao inapotea, musimudanganye kwamba imesafiri. Alishadanganywa vya kutosha na vita.

Tupa paka na ataongea na ninyi, uliniuliza. Hapana. Atajifunza kwamba kila kitu anapenda kinaondolewa, na kwamba ukiongea unapoteza.

Lakini paka peke yake haitoshe, na hapa nisikilize vizuri. Mutoto mwenye ananyamaza miezi hivi kisha ya kifo na vita anahitaji mutu mwenye alisomea hiyo kazi. Uliza ku santre ya afya ya kartie yenu kama kuna ajenti wa psikososiale, ni kusema mutu wa kusaidia wenye waliumia roho, mara mingi kunakuwa mumoja. Hapa Goma kuna pia santre ya Tulizo Letu, yenye inashugulikia magonjwa ya akili na roho, na kwenda pale haimaanishe mutoto ni kichaa. Elezea yote ya kambi, ya mama yake, ya mvua. Kama anakojoa ku kitanda, kama anakataa kula, kama anaanza kuumiza paka, enda bila kungoja. Na siku akikuambia paka inamujibu na sauti na inamutuma kufanya mubaya, enda siku ile ile ku daktari, haiko ku chumba cha maombi.

Bado kuongea na mama mukwe. Usiongee wewe. Bwana yako aongee, ni mama yake, leo mangaribi kisha ya chakula, wewe ukiwa jikoni. Asianze na sheria. Aanze na aksanti, juu aliacha nyumba yake kukuja kusaidia, na juu aliosha watoto wake. Kisha amuambie: mama, huyu mutoto alipoteza mama, na mimi sitaki apoteze na nyumba. Paka itabaki, mimi njo nitaokota mavi yake. Wewe nakuomba kazi moja. Kila mangaribi umuelezee hadisi zenye ulikuwa unatuelezea tukiwa wadogo, zile za sungura na chui, fasi wanyama wanaongea na kudanganyana na kupatana. Mutoto atakaa asikilize, haimupase kujibu kitu, na paka ikikaja ku miguu muiache. Hakuna mama wa Kivu mwenye hakulelewa na wanyama wenye wanaongea, na mama mukwe wako anajua hizo hadisi kushinda sisi wote.

Akikataa leo, bwana yako arudie kesho. Lakini siku ya posho mulango unabaki umefungwa, na kama kazi inamuita siku ile, ombe kaka yako akuje kushinda kwenu. Na wiki ijayo, kisha ya kuona mwalimu, uniandikie alisema nini juu ya ile ardwazi.

Yaya wako